Tarehe mbili, mwezi wa tano

Nilianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikiwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa muuguzi wa chanjo kwenye kituo cha afya pale Mubi, na hakuna aliyekuwa ameniomba nijifunze. Kazi yangu ilikuwa sindano, mizani na rejista. Kila mtoto aliyezaliwa upande wetu aliandikwa kwenye rejista moja kubwa ya jalada gumu: jina lake, jina la mama, mtaa au chimbo la madini wanakokaa, siku ya kuzaliwa. Kila mwisho wa mwezi nilipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa nikitafuta waliokaribia miezi tisa, wale wanaongoja chanjo ya surua. Ilinichukua siku mbili, na bado kulikuwa na majina niliyoyaruka. Mtoto akirukwa, hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe.

Kituo kilikuwa na mashini moja, ndivyo tunavyoita kompyuta huku kwetu, iliyotumia umeme wa plake za jua pamoja na friji ya chanjo. Mimi niliijua kidogo. Niliweza kuandika hesabu ndani ya jedwali, zile fomula fupi za kujumlisha na kulinganisha, na nilidhani hapo ndipo kompyuta inapoishia kwa mtu kama mimi.

Aliyenitoa hapo ni rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi Goma. Yeye baadaye aliacha sindano akaingia kazi ya kompyuta. Alifika Mubi kwa siku tatu kutengeneza mashini za ofisi mbalimbali, akalala kwangu, na siku ya mwisho akachomeka flashi yake kwenye mashini ya kituo. Alinipakilia lugha yenyewe, kitabu kimoja cha kuifundisha, kwa Kifaransa, na mafungu mengi ya programu ambazo watu wengine duniani wameshaziandika na kuziacha wazi, kila mtu azitumie na azisome. Mafungu hayo wanayaita maktaba.

Alifungua dirisha jeusi lenye alama tatu za mshale upande wa kushoto. Akaandika mbili kujumlisha mbili, mashini ikajibu nne.

"Kitabu iko muzuri," aliniambia, "lakini usisome tu. Iulize. Unaandika kitu moja, inakujibu. Ikikataa, unaandika ingine. Hakuna kitu inavunjika."

"Na kama hakuna rezo?"

"Rezo ya kufanya nini? Yote iko humu ndani."

Sikumwelewa vizuri siku ile. Rezo, yaani mtandao, Mubi ilikuwa inakuja na kuondoka, na kila kitu cha kompyuta nilichokuwa nimesikia kilianza na kutafuta rezo. Nilikuja kumwelewa baada ya wiki tatu hivi, nilipofika kwenye ukurasa wa kitabu unaoeleza kwamba unaweza kuiambia lugha ikuonyeshe maandishi ya programu yake yenyewe. Unataja kazi unayotaka kuijua, yaani kifungu cha programu kinachofanya jambo moja, na dirisha lile linakuwekea mistari yote iliyoandikwa na aliyeitengeneza.

Hapo awali nilidhani programu imefungwa kama redio, kwamba ukiifungua unaharibu. Nikajaribu na kalenda, kwa sababu tarehe ndiyo kazi yangu. Niliiuliza inajuaje mwaka ambao mwezi wa pili una siku ishirini na tisa. Nilitegemea kurasa. Ikanipa mstari mmoja. Mwaka ukigawanyika kwa nne, ndiyo. Ukigawanyika kwa mia, hapana. Ukigawanyika kwa mia nne, ndiyo tena. Mtu fulani alikuwa amekaa mahali, ameandika hivyo, na mimi nilikuwa naisoma kwenye benchi la chumba cha chanjo huku friji ikinguruma polepole. Nilinakili mstari ule, nikaupa jina langu mwenyewe, nikauendesha kwa mwaka niliozaliwa. Hapana. Mwaka wa dada yangu. Ndiyo. Nikapitia familia nzima.

Nilipofika kwa baba yangu nilisimama. Karata yake ya kura, ile kadi ya mpiga kura, inasema alizaliwa tarehe ishirini na tisa mwezi wa pili, na mwaka ulioandikwa pale, mstari ule ulisema hapana. Nikaufanyia hesabu kwa kalamu. Hapana kweli. Nikampigia simu. Baba yangu anakaa Kibabi, kwenye kilima kilekile alichozaliwa, na saa zile nilijua yuko shambani.

"Papa, kwenye karata yako wameandika ulizaliwa siku gani?"

"Makumi mbili na tisa ya mwezi wa pili. Si unajua?"

"Ule mwaka haukukuwa na hiyo siku. Mwezi uliishia makumi mbili na munane."

Nilisikia upepo kwenye simu yake.

"Nani amesema?"

"Mashini. Lakini nimeangalia tena kwa kalamu."

"Basi sikuzaliwa," alisema, na kwa sauti nilijua anatabasamu. "Sasa haya maharagi nani anayalima?" Halafu akasema taratibu zaidi, "Mama yangu alisema nilizaliwa wakati wa kupalilia. Hiyo njo tarehe yangu. Ile ingine ni ya katekista, alitaka kujaza kitabu."

Tulicheka, akaniuliza habari ya mvua ya huku, nikamwuliza habari ya mihogo. Lakini baada ya simu niliendelea kukaa pale. Miaka yote hiyo karata ile ilipita mikononi mwa watu wa ofisi, wakainakili, wakagonga muhuri, na hakuna aliyeligundua kosa. Mimi nililigundua kwa mstari mmoja wa mtu nisiyemjua.

Kuanzia hapo nilijifunza kwa njia ile tu. Kitabu kilibaki cha kutafutia maneno. Kila mchana, wagonjwa wakipungua, nilifungua dirisha lile nikachagua kazi moja ndani ya maktaba, nikaiomba inionyeshe maandishi yake. Kiingereza changu ni kidogo, hivyo majina ya vitu nilikuwa naandika maana zake pembeni ya daftari. Nilichukua mistari miwili au mitatu, nikaiendesha peke yake, nikabadili namba, nikaangalia jibu. Ilipokataa niliisoma tena. Nilianza kutambua tabia za waandishi. Mmoja aliandika kwa kifupi mno, kama mtu anayelipia kila herufi. Mwingine alieleza kila hatua, na mahali fulani aliomba radhi kwamba sehemu ile si nzuri, akipata nafasi ataiandika upya. Niliwazoea watu hao bila kuwaona.

Mwezi wa nane niliona naweza. Niliingiza rejista yote kwenye mashini, majina na siku za kuzaliwa, kazi ya majuma kadhaa. Kisha niliandika programu yangu ya kwanza ya kweli: isome siku ya kuzaliwa, iongeze miezi tisa, iniorodheshee watoto wa mwezi unaokuja na siku ya kila mmoja. Kusoma tarehe nilichukua kutoka kwenye maktaba mojawapo ya zile za flashi. Unaipa maandishi, inakurudishia tarehe. Niliijaribu kwa tarehe yangu ya kuzaliwa, ishirini na tatu mwezi wa saba, ikaisoma sawa. Nikaridhika. Hiyo moja sikuifungua kuisoma ndani.

Papa Titulaire, mkuu wa kituo chetu, mtu mzima aliyeandika rejista ile kwa mkono wake miaka mingi, aliiangalia orodha ya kwanza akaiweka mezani.

"Siku mbili imekuwa dakika moja," alisema. "Ni vizuri. Lakini rejista usiitupe."

Nilinakili orodha kwa kalamu na kumpa mama relais, yule mama anayezunguka nyumba kwa nyumba na machimboni kuwaambia wazazi siku ya kuja. Mwezi wa tisa ulipita. Wa kumi ukapita. Watoto walikuja, wachache kuliko nilivyotegemea, nikasema ni mvua.

Tarehe tano ya mwezi wa kumi na moja alikuja mama mmoja kutoka chimbo la ng'ambo ya mto. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, kitenge chake kilikuwa na matope hadi magotini, mtoto mgongoni. Alinipa fishi ya mtoto, ile kadi yake ya chanjo, na kikaratasi alichoachiwa na mama relais. Nilimshusha mtoto nikamweka kwenye mizani, na nilipomshika tu nilijua kuna kitu. Alikuwa mdogo. Shingo ilikuwa imara, lakini kukaa peke yake bado.

"Mama, huyu mutoto iko na miezi ngapi?"

"Sita," alinijibu. "Hata mimi nilishangaa. Nilimuambia yule mama, mutoto wangu iko mudogo. Akasema karatasi imetoka hospitali, hospitali njo inajua."

Niliangalia fishi. 02/05. Tarehe mbili, mwezi wa tano. Miezi tisa yake ingetimia mwezi wa pili, si leo. Nikaangalia kikaratasi: tarehe tano, mwezi wa kumi na moja. Niliona aibu ikinipanda usoni.

Papa Titulaire alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliingia, akamwambia, "Mama, utusamehe. Kosa ni yetu." Akaenda mwenyewe kumtafutia chai na mkate.

Yule mama alimrudisha mtoto mgongoni. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuliza kitu kimoja tu. "Sasa nifuate tarehe gani? Ile ya karatasi ao hii unaniambia na mudomo?"

Nilimwandikia upya, nikamwandikia mwezi kwa herufi, fevrier, ndiyo Februari kwa Kifaransa, na kumsomea mara mbili. Nilimsindikiza hadi barabarani pale malori yanapogeuzia. Nikarudi.

"Ni mashini ao ni wewe?" Papa Titulaire aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Sijui bado, Papa. Nitaiuliza."

"Basi uliza, mimi niko hapa." Akavuta kiti.

Mchana ule tulikuwa wawili mbele ya dirisha lile jeusi. Kwanza niliangalia nilichokuwa nimeandika mwenyewe. 02/05, sawasawa na fishi. Nikaipa ile kazi ya kusoma tarehe maandishi hayo peke yake. Ikajibu: mwezi wa pili, tarehe tano. Papa Titulaire aliinama karibu.

"Imegeuza," alisema.

Nikaipa 25/05. Ikajibu vizuri, tarehe ishirini na tano mwezi wa tano. Nikaipa 12/05, ikageuza. Nikaipa 13/05, ikasoma sawa. Tuliangaliana. Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu."

Hapo ndipo nilipoifungua, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi wa nane. Niliomba maandishi ya kazi ile, yakaja marefu, mistari mingi kuliko yote niliyowahi kusoma. Nilianza juu, nikashuka kidogo kidogo, kila sehemu nisiyoielewa nikiitoa na kuiendesha peke yake kwa zile tarehe mbili, 12 na 13, nione zinaachana wapi. Papa Titulaire aliandika majibu kwenye daftari bila kuambiwa. Kabla ya saa kumi tulipafika. Namba ya kwanza ikizidi kumi na mbili, ni siku. Isipozidi, inachukuliwa kuwa mwezi, kwa sababu aliyeandika anatoka mahali wanakotanguliza mwezi. Na juu yake kulikuwa na maelezo mafupi, niliyoyafasiri neno kwa neno: kwamba hapa ni kukisia tu, na anayejua siku inatangulia aseme hivyo wazi. Kulikuwa hata na neno la kuiambia. Neno moja, lilikuwepo siku zote.

"Kumbe alisema," Papa Titulaire alisema.

"Alisema. Ni mimi sikusoma."

Na mimi nilikuwa nimeijaribu kwa tarehe yangu, ishirini na tatu, ambayo isingeweza kugeuzwa.

Niliweka lile neno. Nikaipa 02/05, ikajibu tarehe mbili mwezi wa tano. Sikufurahi, kwa kuwa tayari nilikuwa nafikiria upande wa pili. Kama kuna walioitwa mapema, kuna wale ambao hawakuitwa kabisa. Mtoto wa tarehe tano mwezi wa pili, mashini ilimwona wa mwezi wa tano, na siku yake ingekuja miezi mitatu baadaye. Nikaiambia ilinganishe orodha za zamani na mpya. Walitokea watoto kumi na mmoja ambao siku yao ilikuwa imepita, na hakuna aliyeenda kuwagongea.

Nilimwendea mama relais kwake nikamweleza yote, kwamba kosa si lake, kwamba ni mimi niliyempa karatasi mbaya na watu wakamlaumu yeye. Alinisikiliza akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Ile siku yule mama aliniambia mutoto iko mudogo," alisema, "mimi nilimukatalia. Niliamini karatasi kuliko macho."

"Hata mimi, Mama."

"Basi tuende tuwatafute."

Tulitembea siku nne, mimi na yeye, kisanduku cha baridi begani. Chupa ya chanjo ya surua ni ya watoto wengi, ukishaifungua saa zake zinahesabika, hivyo tuliwakusanya wa upande mmoja mahali pamoja kabla ya kufungua. Kwenye chimbo la kwanza tulipata wanne. Mubi penyewe watatu, watoto wa wenye maduka. Barabara ya msituni tulipata watatu wengine, mmoja amelala ndani ya karai la mama yake aliyekuwa akiuza ndizi. Kila nyumba nilirudia maneno yaleyale, tumechelewa, kosa ni letu. Wengi walisema haidhuru. Baba mmoja alinikaripia muda mrefu na mimi nilimwacha amalize, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli.

Wa kumi na moja hatukumpata. Jirani alisema familia ilihama, imerudi kwa ndugu upande wa Masisi, labda Shasha. Shasha kuna dada yangu mdogo, anauza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni pale kando ya ziwa. Nilimpigia, nikampa jina la mama na alama yake moja niliyoikumbuka, kovu dogo juu ya nyusi. Sikuwa na matumaini makubwa. Baada ya siku sita alinipigia.

"Dada, nimemupata. Alikuja kununua sambaza. Mutoto amedungwa juzi, nimeona fishi na macho yangu."

"Tarehe iko namna gani kwenye fishi?"

Alinisomea. Niliandika pembeni ya jina, nikafunga rejista, nikatoka nje kukaa kwenye ngazi. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliyekuwa ameugua. Sikujisifu kwa hilo. Ingeweza kuwa vingine, na najua.

Mwezi wa pili ulipofika, yule mama wa ng'ambo ya mto alirudi siku aliyoandikiwa. Mtoto alikuwa na meno mawili ya chini na alilia kwa nguvu sana. Kuanzia mwaka ule, pale kituoni, mwezi tunauandika kwa herufi kwenye fishi zote. Lilikuwa wazo la Papa Titulaire, na ni dawa bora kuliko ile niliyoiweka kwenye programu.

Rafiki yangu wa Goma nilimwandikia kila kitu. Akasema waliotengeneza maktaba ile wanapokea barua, mtu yeyote anaweza kuwaandikia. Nikaandika kwa Kifaransa, yeye akaiweka kwa Kiingereza. Sikuwalaumu. Niliwaeleza kituo, rejista, mama aliyetembea, na kwamba onyo lao liko ndani ambako mtu anayeanza hafiki. Jibu lilikuja baada ya majuma mengi. Aliyejibu alisema kazi ile haiwezi kubadilishwa, programu nyingi zinaitegemea ilivyo, lakini aliona ninachosema. Aliomba niandike sentensi mbili za onyo na mfano mmoja, waziweke ukurasa wa kwanza wa maelezo. Niliandika na kufuta mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Zikapokelewa, wamebadili neno moja tu.

Siku hizi Ijumaa mchana, wagonjwa wakipungua, Papa Titulaire analeta kiti chake chumba cha chanjo. Kabla ya hapo hakuwahi kugusa mashini, na kuandika anaandika kwa kidole kimoja, lakini kusoma anasoma kuliko mimi, hana haraka. Tunachagua kazi moja na kuiomba ijionyeshe. Juma lililopita tulikuwa kwenye ile inayopanga majina kwa herufi. Alitaka kujua majina mawili yakilingana kabisa, lipi linatangulia. Niliona jibu, nikakaribia kumwambia, kisha nikamsogezea mashini. Alirekebisha miwani, akaandika jina la marehemu mama yake mara mbili, polepole, akabonyeza, akaanza kusoma.